Kina Nini, Kimekosa Nini, Kinamfaa Nani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitabu cha ufugaji wa nyuki, nikaambiwa nikae nisome. Nilidhani nategwa. Nilikuwa nimetoka kwetu Bukima na viatu vya dada yangu vilivyonibana, nikiamini kwamba kazi ya maktaba ni kupangusa vumbi na kuwaambia watu wanyamaze. Mkutubi Mkuu pale Musoma, bwana mrefu ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi kwenye sikio moja, akanionyesha benchi la dirishani. Jioni akaniita.

"Umekionaje?"

Nikajibu kama tulivyofundishwa shule. "Ni kitabu kizuri sana. Kinaelimisha na kuburudisha."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala.

"Binti, hata ugali ni mzuri na unashibisha. Mimi nakuuliza juu ya kitabu. Kina nini? Kimekosa nini? Kinamfaa nani? Na uniambie nikiwa bado nimesimama, maana msomaji hatakaa chini kukusikiliza."

Nikababaika. Mwishowe nikasema kwamba mwandishi anawajua nyuki lakini hawajui majirani, kwa sababu anashauri mizinga iwekwe nyuma ya nyumba, na kwetu nyuma ya nyumba yako ndiko mbele ya nyumba ya mwenzako. Kinamfaa mtu mwenye shamba la mbali na subira. Yule bwana akacheka kidogo kwa pua, akasema nije kesho. Ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya mpaka nikaota mvi.

Ninyi vijana mnaouliza maktaba zilikuwaje kabla ya simu kuwajibu kila kitu, nitawaeleza kidogo. Zetu zilikuwa maktaba ndogo za jamii, tatu tu: Musoma, Butiama na Bunda. Aliyeziendesha sitamtaja, nimwache apumzike. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, imekaa ndani ya mfuko wa karatasi uliobandikwa kwenye jalada la nyuma. Msomaji akiazima, kadi ya kitabu inatoka mfukoni mwake, inaandikwa jina la msomaji na kuingia kwenye mfuko wa msomaji huyo, nasi tunabaki nayo kaunta. Kisha tunapiga muhuri kwenye karatasi ya tarehe, ile iliyobandikwa ukurasa wa mwisho, ili ajue siku ya kurudisha. Kwa hiyo ukitaka kujua kitabu kimependwa kiasi gani, hukuwa na haja ya kumuuliza mtu. Ulifungua nyuma ukaangalia mihuri.

Na vitabu ambavyo havikuwa na mihuri vilikuwa na siku yao. Kila Januari tulifanya kazi iliyoitwa kuchuja rafu. Kitabu kilichokaa muda mrefu bila kuazimwa kilitolewa, kikatiwa kwenye boksi, kikaenda stoo kusubiri panya. Ilikuwa kazi ya huzuni, lakini nafasi ilikuwa finyu na vitabu vipya navyo vilitaka pa kukaa.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Novemba, tulikuwa na Siku ya Maoni. Hii ilikuwa desturi ya Mkutubi Mkuu mwenyewe. Mabenchi yalitolewa nje, chai na maandazi vikaandaliwa, na kila mfanyakazi alisimama akasema juu ya vitabu alivyosoma mwaka ule, kila kimoja kwa sentensi chache. Wasomaji nao walisimama kuongezea au kutupinga. Mwiko ulikuwa mmoja: usitoe maoni juu ya kitabu ambacho hukukimaliza. Mfanyakazi aliyekamatwa akisifia kitabu alichoishia katikati alitaniwa mwaka mzima, na utani wa watu wa Mara mnaujua, hauna bandeji.

Mimi siku hiyo niliipenda mno. Nilikuwa na ulimi. Riwaya ya mapenzi niliisema hivi: "Nusu ya kwanza wanatafutana, nusu ya pili wanakimbiana, na mimi nilichoka kabla yao. Inamfaa mtu aliye kwenye basi la Mwanza." Hadithi ya upelelezi: "Muuaji nilimjua mapema, nikaendelea kusoma kwa ajili ya mpishi." Kitabu cha magonjwa ya ng'ombe: "Picha zake zinasaidia sana. Usikifungue mezani." Watu walicheka, nami nikarudi kwenye benchi nimevimba kichwa.

Aliyenipunguza kichwa alikuwa Mratibu wa tawi la Butiama, nilikohamishiwa baadaye. Mama mnene, mpole, aliyekuwa na tabia ya kusuka ukili huku akikusikiliza. Baada ya Siku ya Maoni yangu ya kwanza kule aliniita ofisini.

"Mwenzangu, nimekusikia. Kimekosa nini umekisema kama unaimba. Kinamfaa nani umekisema kama unalipa faini."

"Lakini, mama, vingine havimfai mtu."

"Hakuna. Kuna ambacho mtu wake hujampata. Sisi kazi yetu siyo kuhukumu, ni kuozesha. Sasa mshenga gani anakwenda kutangaza kasoro za binti kijiji kizima, halafu anakaa bila kumtafutia mume?"

Nilinuna siku nzima. Lakini tangu hapo nilianza kusoma kwa namna nyingine. Nikifika ukurasa unaochosha nilijiuliza: nani hapa Butiama angekesha na ukurasa huu? Kitabu cha sheria za mipaka ya viwanja, kikavu kama biskuti ya juzi, nilikipeleka kwa ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mstari wa minyaa. Sisemi walipatana. Nasema walikisoma kwa zamu, na kila mmoja alikuja kuniambia kwamba kitabu kinamuunga mkono yeye.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bunda. Mkuu wa tawi alikuwa kijana kuliko mimi, mtu wa kanisani, mwenye moyo laini kupita kiasi. Mtu akichelewesha kitabu yeye ndiye alikuwa anaomba msamaha. Tulielewana, ingawa mara nyingi nilitamani kumtikisa.

Siku moja alikuja mzee mmoja amevaa koti zito kwenye jua la mchana, ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikuwa Mzee Maregesi, karani mstaafu wa kununua pamba, aliyezipimia pamba nusu ya familia za pale. Ndani ya gazeti mlikuwa na kitabu. Alikuwa ameandika maisha yake, akakichapisha kwa fedha zake kule Mwanza, na alikuwa anakileta kwetu kiwe kwenye rafu pamoja na vitabu vya watu wengine. Mkuu wa tawi alikipokea kwa mikono miwili. Kwetu vitabu vipya viligawanywa kati ya wafanyakazi ili kila kimoja kipate wa kukisoma na kukitolea maoni, na hicho alikichukua yeye, kwa kuwa mzee alikuwa jirani yake.

Kuanzia hapo Mzee Maregesi alifika kila siku ya mnada. Hakuuliza kitu. Alikwenda kwenye rafu, akakitoa kitabu chake, akafungua ukurasa wa mwisho, akaitazama ile karatasi ya tarehe. Nyeupe. Akakirudisha mahali pake, akakisawazisha na wenzake, akatuaga kwa heshima, akaondoka. Ilikuwa inauma kumtazama. Mimi nilikuwa najifanya natafuta kitu chini ya kaunta.

Mwaka ukazunguka, Siku ya Maoni ikapita Mkuu wa tawi akisema bado anakisoma, ukaja wa pili. Ikafika Oktoba, na wote tulijua kwamba Januari, kitabu kile kisipopata muhuri, kinaingia boksi. Mzee angekuja siku ya mnada akute pengo.

Basi siku moja akafungua nyuma kama kawaida, nikasikia kicheko. Mzee Maregesi alikuwa anacheka peke yake mbele ya rafu, mkono kifuani. Akaja nacho kaunta mbiombio.

"Mama, wanne! Wamesoma watu wanne! Ni akina nani hao?"

Nikaangalia. Mihuri minne, safi kabisa. Mkuu wa tawi akadakia kutoka mezani kwake, "Wasomaji tu, mzee. Wasomaji."

"Basi msinitajie. Nitawasikia Siku ya Maoni. Nitakuja na mama Juliana, na watoto watakaopata nafasi. Wasikie wenyewe." Akatoka bila hata kukirudisha kitabu kwenye rafu, mara yake ya kwanza.

Nilivuta kitabu, nikatazama kwenye mfuko. Kadi ilikuwa nyeupe, haijawahi kuandikwa jina la mtu. Hakuna kitabu kinachoazimwa bila kadi yake kutoka. Nikamfuata Mkuu wa tawi.

"Bosi, hii mihuri umepiga wewe."

Akainamisha uso. "Nilitaka tu kisichujwe Januari. Na yule mzee, jamani, mama, wewe ulikuwa unamwona anavyokisawazisha."

"Nilikuwa namwona. Sasa anakuja na ukoo mzima kuwasikiliza watu ambao hawapo."

"Tunaweza kuwaomba vijana wawili watatu. Tunawapa maneno machache ya kusema."

"Maneno gani? Wewe mwenyewe umekisoma?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Nilishindwa. Kila nikianza nalala. Ni pamba tupu."

Nilikasirika, sitaficha. Kuna uongo mwingi duniani ambao siwezi kuuzuia, lakini ule ulikuwa kwenye kaunta yangu. Mtu aliyepima pamba maisha yake yote angewauliza wale vijana maswali mawili tu, nao wangeumbuka, na yeye angeumbuka mbele ya mkewe na wanawe. Nikamwambia hakuna kijana wa kufundishwa maneno. Nikaitoa kadi kwenye mfuko, nikaandika jina langu, nikapiga muhuri wa tano, nikaondoka na kitabu.

Mkuu wa tawi hakuwa amekionea. Sura ya kwanza ni ukoo, nani alimzaa nani. Ya pili ni mafunzo ya ukarani. Halafu vituo vya kazi, na wakubwa wa kila kituo kwa vyeo vyao, na mikutano, na alichosema Meneja, na alichojibiwa Meneja. (Msinicheke. Najua na mimi ninawafanyia hayohayo.) Nilisoma nikipika, nilisoma nikisubiri maji yajae ndoo. Nilikuwa natafuta mtu wake kama nilivyofundishwa Butiama, nikawaza labda makarani wa ghala, labda mjukuu wake mmoja mwenye moyo.

Kisha, katikati kabisa, baada ya sura ya mizani mbovu, nikakuta sura fupi isiyo na pamba. Sikuiamini mara ya kwanza, nikairudia. Nikaweka kitabu chini, nikatoka nje nikasimama kidogo. Nikarudi nikakimalizia chote mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu mwiko ni mwiko.

Siku ya Maoni mzee alikuja na koti lake, amelipiga pasi. Mama Juliana, mkewe, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitenge kipya, na nyuma yao binti yao na wanaume wawili watu wazima. Wakapewa benchi la mbele. Mkuu wa tawi alikuwa anatoka jasho, maandazi yake hakuyagusa.

Nilisema vitabu vyangu vingine kwanza. Kisha nikakinyanyua kile.

"Hiki ni cha Mzee Maregesi wetu. Nimekisoma chote. Kina historia ya pamba ya hapa kwetu, na anayetaka kujua magunia yalipimwaje hatapata kwingine. Kimekosa mtu wa kumwambia apunguze mikutano." Watu wakacheka, na mzee naye akatabasamu, maana wafanyakazi wenzake wa zamani walikuwapo na waliijua ile mikutano. "Lakini katikati kuna sura moja ambayo haihusu kazi. Sitasimulia, si yangu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijasoma kurasa zilizonishika hivyo. Kinamfaa nani? Wengi. Ila kuna mtu mmoja anayestahili kukisoma kabla yetu sote, naye sidhani kama ameshakisoma. Ni Mama Juliana."

Benchi zima likageuka. Mzee Maregesi akawa anaangalia viatu vyake. Kisha akasimama, na sauti yake ikawa imekauka.

"Nashukuru, mama. Nashukuru sana. Na hao wengine watatu? Ningependa kuwasikia."

Mkuu wa tawi alisimama. Nilimwona anashika kona ya meza.

"Mzee wangu, hawapo. Ile mihuri minne nilipiga mimi. Wa kwake yeye ni wa tano, na ndio wa kweli peke yake. Nisamehe."

Mzee akakaa polepole, wanawe wakatazamana, na mimi nikajiuliza kama ningekuwa na huruma zaidi ningenyamaza. Ndipo Mama Juliana akainuka, akaja mpaka mbele, akanyoosha mkono.

"Nipeni mimi hiyo kitabu."

"Unazo nakala nyumbani, mama Juliana," mumewe akasema kwa shida. "Zipo kwenye sanduku."

"Umefungaga sanduku. Nikikuuliza unasemaga ni mambo ya pamba tu, nitachoka bure. Sasa huyu mama anasema siyo pamba." Akanigeukia. "Mimi nasomaga Biblia, polepole, lakini nafikaga. Niandikie."

Nikamfungulia kadi ya uanachama palepale. Nikapiga muhuri mbele ya watu wote, kwa nguvu, mpaka meza ikalia. Mzee alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti. Nilikuwa namtazama nisijue kama nimemtendea wema au nimemvua nguo.

Januari kitabu hakikuchujwa, kwa sababu hakikuwapo. Mama Juliana hakukirudisha. Mkuu wa tawi, kama mnavyomjua, hakumkumbusha.

Miezi michache baadaye nikastaafu. Sasa naishi Bweri, pembeni mwa mji wa Musoma, nyumba ndogo, mihogo nyuma na bodaboda mbele. Maktaba ya Bunda siku hizi ina kompyuta, na muhuri nasikia umewekwa kwenye droo. Lakini tabia haistaafu. Mwaka huu nimesoma vitabu kadhaa, na kwa kuwa hakuna benchi la kusimama mbele yake, nawasemea majirani wanaokuja kuchota maji kwangu. Kitabu cha mapishi kutoka mjini: kinataka vitu ambavyo duka la hapa halivijui, lakini picha zake zimemfanya jirani yangu wa mtaa wa Nyakato aoke keki ya kwanza, ikaungua, tukaila. Wasifu wa mchungaji mmoja: hana dhambi hata moja tangu ukurasa wa kwanza, nami siwaamini watu wa hivyo, unamfaa anayetafuta usingizi. Mashairi ya binti mdogo asiyejulikana: mengine hayajaiva, lakini kuna moja juu ya kuanua dagaa mvua inapokuja, nimelinakili na kulibandika jikoni.

Wastaafu wenzangu huniuliza kama ilikuwa kazi kweli, kukaa na kusoma vitabu vya watu na kuvisemea. Mimi huwajibu kwamba kusoma kulikuwa rahisi. Kugumu kulikuwa kumtafuta mtu, na kuwa tayari kwa litakalotokea ukimpata.

Wiki iliyopita pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka Mama Juliana. Alikuwa amepanda gari Bunda mpaka mjini, akaulizia mpaka akanifikia. Nikamkaribisha, nikaweka maji ya chai jikoni. Akatoa kitabu kwenye mkoba. Kilikuwa kimezungushiwa kitambaa, kimelegea kwa kushikwa.

Nilimuuliza kikazi, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuuliza. "Umekionaje?"

"Kina pamba nyingi," akasema. "Ila niliifikia ile sura. Nilisoma siku tatu, maneno yalikuwa yananikimbia. Ameandika habari za mtoto wetu, yule tuliyemzika baba yake akiwa kituoni Shinyanga. Ameandika kwamba aliporudi nilimwekea chakula, sikusema kitu, naye akaogopa kuniuliza. Maisha yote anaogopaga tu kuniuliza."

"Na kimekosa nini?"

"Ameandika sikulia." Akanitazama usoni. "Nililia, mama. Yeye hakuwepo. Mimi nimelia mpaka majirani wakanishika. Nilipomsikia anakuja ndio nikanawa uso nikapika. Sasa nimemwambia. Nikamwambia, umekosea hapa, lete kalamu. Akaleta. Lakini hakuandika, tulikaa tu."

Chai ilikuwa imechemka, nikaiacha ichemke.

Nikanyoosha mkono nipokee kitabu nikipeleke Bunda siku nikipata safari. Akakivuta, akakirudisha kifuani.

"Sijaja kurudisha. Tunakisoma pamoja jioni, mimi na yeye. Tukifika pale tunarudia, kila siku nakumbuka kitu kingine. Nimekuja uniongezee siku."

Nikamwambia mimi nimestaafu, sina muhuri wala kaunta.

"Sema tu kwa mdomo."

Nikamwongezea.